Mizinga ya foamu iliyotumika: kwangua kwanza, dawa baadaye

SWALI: Shikamoo Bibi Nyuki. Mimi ni kijana wa Muheza. Kikundi chetu kimeachiwa mizinga 12 ya ile foamu nyeupe ngumu na mradi uliofungwa. Imetumika. Ndani kuna masega meusi, utando wa nondo na gundi ya nyuki iliyoganda kila kona. Mwenzetu mmoja anasema tuibabue kwa moto kama tunavyofanya mizinga ya mbao, wa pili anataka tuoshe kwa petroli, wa tatu anataka maji yanayochemka. Tuisafisheje bila kuiharibu? Je, JIK haitafukuza nyuki? Na vifaa vilivyokuja nayo, yaani mashine ya kukamulia asali, fremu, bomba la moshi, glavu na ovaroli, tuvifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Waambie hao wenzako watatu waweke chini kiberiti, dumu na sufuria, maana kila mmoja ana njia yake ya kuwaachia mizinga 12 isiyofaa.

Foamu hiyo inaitwa polistaireni. Ni punje za plastiki zilizoumuliwa kwa mvuke na kubanwa pamoja, na sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa. Moto huiyeyusha papo hapo, tena moshi wake mweusi ni sumu kwa anayeuvuta. Petroli, thina na asetoni huimumunya kama sukari kwenye chai. Maji yanayochemka nayo yamezidi kiasi, kwa sababu foamu huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 80 hivi. Mzinga hautayeyuka, lakini utatoka umepinda, kifuniko hakitakaa sawa, na nyuki watatumia msimu mzima kuziba nyufa kwa gundi badala ya kuweka asali. Tumia maji ya vuguvugu ambayo mkono unayavumilia.

Aliyesema moto hakusema upuuzi, ila amekosea mzinga. Mzinga wa mbao ukishakwanguliwa, hupitishiwa moto wa gesi ndani mpaka mbao igeuke rangi ya kahawa, na mpaka leo sijaona njia rahisi inayoishinda hiyo kwa mbao. Kwenye foamu njia hiyo haipo. Kilichobaki ni mkono, brashi na klorini, na kwa mpangilio huo huo. Klorini haipenyi nta wala gundi ya nyuki. Ikikuta uchafu inamalizikia kwenye uchafu, na vijidudu vilivyo chini yake vinabaki salama. Watu wengi humwaga dawa kali juu ya mzinga mchafu, wanasikia harufu ya hospitali, wanaridhika. Ule mzinga haujasafishwa.

Lakini hata brashi isubiri. Anza kwa kuyasoma hayo masega meusi, maana ndiyo yatakayokuambia kama mizinga hii inastahili kusafishwa.

Lichukue sega moja moja, simama jua likiwa mgongoni, liinamishe mpaka mwanga ufike kwenye ukuta wa chini wa vyumba. Unatafuta magamba meusi yaliyolala kwenye huo ukuta wa chini. Ukiyaona, jaribu kuyachokoa kwa ncha ya kisu. Yakitoka kwa urahisi, si ajabu ni majana (watoto wa nyuki) yaliyokufa kwa njaa, kwa baridi, au kwa ule ugonjwa mwepesi wa kuoza kwa majana unaoletwa na bakteria aitwaye Melissococcus plutonius. Yakigoma kabisa, mpaka ubomoe chumba ndipo gamba litoke, hapo simama. Hiyo ni dalili ya kuoza kwa majana kule kunakoitwa kwa Kimarekani, kunakoletwa na Paenibacillus larvae. Bakteria huyu akikosa chakula hujifunga ndani ya mbegu ngumu inayoweza kukaa zaidi ya miaka 30 kwenye sega au kwenye ufa wa mzinga, ikingoja jana lingine. Kuchemsha nta kwenye sufuria ya nyumbani hakuziui mbegu hizo, na friji haizigusi. Kwenye mzinga wenye nyuki kipimo chake ni njiti ya kiberiti: ukiichovya ndani ya chumba chenye kifuniko kilichobonyea na kutoboka, halafu ukaivuta taratibu, ute wa kahawia huvutika uzi wa sentimita mbili au zaidi kabla haujakatika.

Nyuki wetu wa Afrika wana sifa nzuri ya kuwabaini majana wagonjwa mapema na kuwatoa nje, kwa hiyo sikutishi. Lakini ukiona magamba yanayogoma, usijaribu ujanja wowote. Usiyayeyushe masega hayo kupata nta, usilishe nyuki wengine asali yake (kwa binadamu haina madhara, kwa majana ni balaa), funga mizinga yote ndani ya chumba nyuki wasiifikie, na uende kwa afisa nyuki wa wilaya. Uingereza, kundi lenye ugonjwa huo huangamizwa na kuchomwa ndani ya shimo kwa amri ya mkaguzi. Sisi tuna Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 na maafisa wake, na suala la aina hii ndilo hasa kazi yao. Mimi sitakushauri uitunze foamu iliyotoka kwenye ugonjwa huo kwa sababu tu umeambiwa klorini ni kali.

Ukikuta vipande vigumu vyeupe au vyeusi vinavyocheza ndani ya vyumba ukitikisa sega, huo ni ukungu wa majana, si wa kukukosesha usingizi. Na ule utando wenye vinyesi vidogo vyeusi ni kazi ya nondo wa nta. Nondo haui kundi lenye nguvu. Huja baada ya nyuki kudhoofika au kuhama. Madhara yake kwenye foamu ni mengine: funza wake akitaka kujifunga kwenye kifukofuko huchimba, na foamu ni laini kwake kuliko mbao. Mwaka 2017 watafiti wa Hispania na Uingereza waliripoti kwamba funza hao wanatoboa na kumeng'enya plastiki ya mifuko ya kawaida. Kwa hiyo anayekwambia ufunge masega kwenye mfuko wa plastiki ndiyo kinga tosha, muulize mayai ya nondo yalikuwa ndani au nje ya mfuko wakati wa kufunga. Masega mazuri unayotaka kuyatunza yalaze kwenye friza kwa siku mbili, kisha ndipo uyafunge. Vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuzia mende, vyenye naftalini, visikaribie masega kabisa. Harufu yake huingia kwenye nta na kuishia kwenye asali.

Sasa mahali pa kufanyia kazi. Mizinga yenye mabaki ya asali isioshwe uani mchana kweupe. Nyuki wa jirani watakuja kuiba, na hasa maua ya michungwa yakiwa yamekwisha na hawana cha kuokota, wizi huo unageuka vita: kuku, mbuzi na watoto watadungwa. Fanya ndani ya banda lililofungwa au anza giza likiingia. Makombo ya masega yaingie moja kwa moja kwenye ndoo yenye mfuniko. Maji machafu yamwage kwenye shimo na kulifukia, mbali na kijito. Mito yenu mingi inaingia Zigi, na Zigi ndiyo inayojaza bwawa la Mabayani wanakopata maji watu wa Tanga mjini.

Kukwangua ni kazi ya alfajiri. Gundi ya nyuki ikipata joto inanata na kuvutika. Ikipoa inakuwa kavu na inapasuka vipande. Wenzetu wa Ufini na Denmark, ambako mizinga ya foamu imeenea kwelikweli, huifanya kazi hii wakati wa baridi na gundi inabanduka yenyewe. Muheza hamna baridi hiyo (ukiwa na ndugu kule Amani mpelekee mizinga miwili mitatu akupigie kazi saa kumi na mbili asubuhi), kwa hiyo pale palipoganda bonge, weka barafu ndani ya mfuko wa plastiki juu yake dakika chache, halafu bandua. Tumia kipande cha mbao kilichochongwa ncha bapa au kikwanguo cha plastiki. Patasi ya mzinga ni kali mno, inachimba foamu, na kila shimo unalochimba ni nyumba mpya ya sisimizi na uchafu ambao dawa haitaufikia. Kwa sababu hiyo hiyo brashi ya waya ni marufuku. Brashi ya kufulia inatosha, na kwenye pembe hata makumbi ya nazi yanafanya kazi nzuri.

Baada ya kukwangua, osha kwa magadi ya kufulia, ile poda nyeupe wanayouziwa watengeneza sabuni kwa jina la soda eshi. Usinunue ile ya kuumulia mandazi, haina nguvu ya kutosha. Kilo moja kwenye lita tano za maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kisha sugua. Magadi huifanya gundi na mafuta ya nta yaachie. Vaa glavu za mpira na miwani, maana yakikurukia jichoni utajuta. Suuza, tazama kwa mwanga wa pembeni, na pale unapoona bado kuna doa linalong'aa, rudia. Kostiki soda nayo huondoa gundi kwa haraka zaidi, na foamu yenyewe haiogopi, lakini inaunguza ngozi na kupofusha macho. Kwa kikundi cha vijana wanaoanza, iacheni kwa watengeneza sabuni.

Foamu ikiwa safi kwa macho ndipo ije JIK. Unahitaji maji yenye klorini asilimia 0.5. Soma lebo ya chupa: kama ni asilimia 3.5, sehemu moja ya JIK kwa sehemu sita za maji, kipimo kile kile ambacho manesi wa zahanati yenu wanakijua kwa moyo. Kama chupa imeandikwa asilimia 5, ni moja kwa tisa. Kwa mizinga 12 chupa za dukani zitawatoa jasho mfukoni, kwa hiyo ulizieni klorini ya unga inayotumika kwenye visima na mabwawa ya kuogelea. Yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 mnahitaji gramu saba hadi nane tu kwa lita moja ya maji. Changanya siku ile ile ya kazi, kwenye hewa ya wazi. Jua na kukaa muda mrefu huiua nguvu yake, na hata chupa ambayo haijafunguliwa ikizeeka dukani hupungua, basi angalia tarehe.

Usiichanganye na siki, ndimu, dawa ya choo yenye asidi wala maji ya betri. Hutoka gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua mtu ndani ya chumba kilichofungwa. Nalisema hili kwa sababu kuna wanaoamini kwamba dawa mbili zikichanganywa zina nguvu mara mbili.

Kuloweka kuna kichekesho chake. Foamu inaelea. Utauweka mzinga ndani ya maji nao utasimama juu, robo tatu kavu, huku wewe unahesabu dakika. Pasua pipa la plastiki la lita 200 kwa urefu, au chimba mtaro na utandike turubai, jaza maji ya klorini, kandamiza mzinga kwa tofali au jiwe mpaka uzame wote. Dakika 20 ni za lazima. Mimi husema 30, kwa sababu ya maungio na mashimo. Kama huna chombo cha kutosha, paka kwa brashi na uendelee kupaka ili kila sehemu ibaki imelowa muda wote huo. Kunyunyiza mara moja na kuacha ikauke hakuhesabiki. Maji yakichafuka na harufu ya klorini ikapungua, yabadilishe, hata kama bei inauma.

Suuza mara mbili kwa maji safi, kisha anika penye upepo kwa siku mbili tatu. Wakati wa masika ongeza siku. Klorini ikifanya kazi na kukauka hubaki chumvi kidogo ambayo suuzo la pili linaiondoa. Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba JIK haifukuzi nyuki, harufu yake ndiyo inayowafukuza. Na nyuki wetu ni wepesi wa kuhama: kundi likichukia mahali, asubuhi unakuta mzinga mtupu. Ingiza kichwa ndani ya mzinga unuse. Ukisikia klorini hata kidogo, urudishe kwenye upepo.

Tena mzinga uliooshwa namna hii hauna harufu ya nyumbani, na sisi huku hatununui nyuki kwenye maboksi, tunatundika na kungoja kundi. Kwa hiyo ukishakauka, sugua nta safi ya kundi lenye afya kwenye fremu au viunzi na ukingo wa mlango, ukipenda na gundi ya nyuki kidogo. Mchaichai uliopondwa ukipakwa ndani husaidia, kwa sababu harufu yake iko karibu na ile ambayo nyuki huitoa kuitana.

Kabla ya kutundika, kagua ubovu. Mashimo madogo ya funza yazibe kwa gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na punje za foamu. Gundi ya viatu ina thina ndani yake, itakula mzinga. Ukuta uliotobolewa mpaka ndani kwenye njia nyingi, au unaovunjika punje punje ukiubonyeza, uache. Hakuna klorini itakayozifuata njia zile zote. Uvunjwe vipande, ufukiwe dampo, usichomwe nyuma ya nyumba. Mingine ipake rangi nje tu, rangi ya maji nyeupe au ya maziwa, maana jua la pwani huifanya foamu iwe ya njano na kuwa unga. Rangi ya mafuta inachanganywa na tapentaini, usiitumie. Halafu itundike kwa waya uliopakwa grisi, juu ya urefu wa mtu. Sisimizi wanapenda kutaga ndani ya foamu, na nyegere akiufikia mzinga wa aina hii hatumii hata dakika tano. Ingekuwa ni Handeni porini ningekwambia uiuze, ununue ya mbao.

Vifaa havina maneno mengi. Mashine ya kukamulia isuuzwe kwanza kwa maji baridi. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo ukianza na maji ya moto unaipaka pipa zima kwa utando mwembamba ambao utaukwangua mpaka jioni. Vipande vya nta vikishatoka, ndipo magadi na maji ya moto, suuza, kausha kabisa, kwa kuwa maji yanayobaki humo yanaingia kwenye asali, na asali ikizidi asilimia 20 ya maji huchacha. Ikiwa ni chuma kisichoshika kutu, klorini isikae juu yake muda mrefu, huiachia vidoa vya kutoboka. Ikiwa ni bati na tayari lina kutu, usikamulie asali ya kuuza: asali ni chachu, pH yake iko karibu na 4, na itainyonya hiyo kutu.

Fremu za mbao, ukishajiridhisha na yale masega, zikwangue na uzichemshe dakika chache kwenye maji ya magadi, mbao haiogopi. Ukiwa na shaka yoyote zichome, mbao za fremu ni rahisi kuliko kundi la nyuki. Fremu za plastiki zipite njia moja na mizinga. Bomba la moshi kwangua lami ndani, futa viriba vyake vya kupulizia kwa kitambaa chenye magadi. Patasi unaweza kuibabua kwenye moto, na ujizoeze kuisugua kwa magadi kila unapotoka mzinga mmoja kwenda mwingine.

Glavu za ngozi zilizotumiwa na watu msiowajua zitupeni. Ngozi haisafishiki ndani ya vinyweleo vyake, na ndiyo inayoshika kila mzinga. Nunueni za mpira za kuoshea vyombo. Mwiba utapita mara moja moja, lakini mtaweza kuziosha. Ovaroli ziloweke kwa sabuni na maji ya moto, neti ya uso ivuliwe na kuoshwa peke yake kwa mkono. Msiziache bila kufua kwa sababu zinaonekana safi: nyuki akidunga huacha harufu ya hatari inayofanana na ya ndizi mbivu, inabaki kwenye kitambaa, na mkizivaa tena kwenye manzuki (mahali penye mizinga) mtapokelewa kwa hasira kabla hamjafungua mzinga. Siku ya kwenda huko, ndizi pia ziacheni nyumbani.